Dobi Aliyemfuta Bata Maji

Dobi alikuwa mtu asiyegombana na yeyote, lakini na maji yaliyokaa mahali pasipotakiwa aligombana kutwa. Ndani ya beseni, sawa. Kwenye shati lililokwisha kupigwa pasi, hata tone la jasho lake mwenyewe lilimnyima raha. Wateja walisema nguo ikitoka kwake haina mkunjo wala harufu ya unyevu. Yeye alizipokea sifa hizo kwa kuinamisha kichwa tu, kama hazimhusu, kumbe alizipenda kuliko chai.

Aliishi na dada yake mkubwa, mpishi wa shule, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa na bata jike mmoja, mweupe, ambaye alitaga ndani ya tenga bovu nyuma ya pipa la maji uani, akaanza kuatamia. Binti wa dada alipojifungua mtoto wake wa kwanza, dada akafunga mizigo kwenda kumuuguza. Kabla ya kuondoka alimwita mdogo wake penye tenga.

"Vifaranga wa mayai haya nimeshamuahidi mwanangu," alisema. "Aanze mji wake akiwa na kitu kinachotembea. Kazi yako ni ndogo, baba. Maji kwenye beseni, chakula kidogo, basi. Mengine anayajua mwenyewe."

"Ondoa shaka, dada."

"Shaka sina. Ningekuwa nayo ningemwachia Gundi."

Gundi alikuwa fundi viatu wa nyumba ya pili. Walimpa jina hilo kwa sababu akishakaa kwenye kibaraza cha mtu habanduki.

Hali ya hewa ilikuwa imechafuka. Asubuhi jua liliwaka mpaka mabati yakalia; mchana mawingu yalijazana, upepo ukabamiza milango, na mvua ikaanguka kama mtu aliyepindua pipa. Dobi alikuwa mbioni: anaanika, anaanua, anaanika tena. Ni katika kukimbilia kamba namna hiyo ndipo alipomwona bata akitoka kwenye tenga, akijitosa kwenye dimbwi katikati ya mvua, akipiga mabawa na kuchovya kichwa, kisha akirudi, maji yanamchuruzika, na kuyakalia mayai vilevile alivyo.

"Wewe ni mama wa namna gani?" dobi alimwambia.

Akaleta taulo lake jipya, akamfuta bata huku anapigwa midomo mikononi. Akayafuta na mayai, moja moja, kama anayefuta vikombe vya wageni. Mvua iliyofuata, bata akarudia yaleyale. Hapo dobi akabeba tenga na bata ndani yake, akaliweka kwenye chumba cha pasi, juu ya gunia kavu, akaacha kikombe cha maji ya kunywa, akafunga mlango. Beseni akalianika.

Kutoka kibarazani kwa dobi, alikozoea kushonea viatu, Gundi alikuwa anaona yote.

"Kaka, bata umempeleka chumba cha pasi? Unataka kumnyoosha?"

"Namwepusha na mvua."

"Bata umwepushe na mvua! Kesho utamnunulia samaki mwavuli."

"Wewe shona viatu, Gundi."

"Nashona. Lakini hata kiatu kikiachama mdomo kama huyo bata wako, najua kina shida."

Kweli bata alikuwa akihema mdomo wazi, maana pasi ya mkaa ilikuwa inawaka mule ndani tangu asubuhi. Dobi alifungua dirisha kidogo, akaona amemaliza.

Dada alipopiga simu kuuliza hali, alimjibu kwa majivuno, "Mkavu, dada. Hana hata tone." Dada akacheka sana, alidhani ni utani wa dobi. Akampa simu binti yake. "Mjomba, asante," yule mzazi alisema. "Mama anakusifu hapa mpaka mtoto ameamka."

Asubuhi moja mayai yakatoboka. Katika kila tundu kilionekana kidomo kidogo kinachogonga. Dobi alifurahi, akapiga pasi huku anachungulia. Lakini mpaka mchana matundu yalikuwa yaleyale, na vidomo vilikuwa vinagonga kwa kusitasita. Akagusa utando pembeni mwa tundu. Ulikuwa mkavu, mgumu kama kola iliyotiwa wanga kupita kiasi. Hakuhitaji kuambiwa kitu. Uso ulimwaka.

Alishika simu bila kubonyeza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: yalikuwa viza, dada. Nani angebisha? Mayai huwa viza. Aliyajaribu kimoyomoyo, yakatoka vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomtia hofu. Ndipo ndani ya yai moja kifaranga akalia, sauti nyembamba, kama anaita mtu. Dobi akapiga.

"Dada, nimeharibu. Nilimfuta maji."

"Nani?"

"Bata. Kila akirudi amelowa. Na mayai nimeyafuta. Halafu nikamfungia chumba cha pasi."

Kule upande wa pili alisikia kichanga kikilia.

"Analowa makusudi, baba," dada alisema polepole. "Yale maji ya manyoya ndiyo yanayolainisha mayai. Mfungulie. Na mayai yanyunyizie maji ya uvuguvugu. Sasa hivi, usiniage."

Nje ngurumo ilikuwa imeanza. Mlango ulipofunguka bata alimpita miguuni, akaishia kwenye mvua. Dobi alichuchumaa, akachovya vidole kwenye maji ya uvuguvugu, akanyunyiza. Mkono ulikuwa unaijua kazi hiyo. Kila siku alinyunyizia hivyohivyo mashati yaliyokauka kupita kiasi, ili yakubali pasi. Aliona aibu hata kuutazama.

Bata alirudi amelowa chapachapa. Akasimama kizingitini, hakuingia. Dobi akarudi nyuma, bata bado akasimama. Ikambidi mwenye chumba atoke nje kabisa, akae mvuani, ndipo mwenzake akaingia.

Vifaranga wengine walianguliwa. Wengine hawakutoka tena, na hao dobi aliwafukia mwenyewe kando ya ua.

Dada aliporudi, Gundi alikuwa keshafika kibarazani.

"Mama mpishi, karibu. Mbona vifaranga wachache hivi?"

Dada alitua mzigo, akanyoosha mgongo. "Mvua, Gundi. Mwaka huu imetutesa."

Gundi alimgeukia dobi aliyekuwa mezani, pasi mkononi. Alikuwa ameona taulo, ameona tenga likipita, alikuwa na maneno ya kumtosha msimu mzima.

"Kweli," alisema, akirudi kwenye kiatu chake. "Mvua ya mwaka huu haina huruma."

Dobi aliinama, akapiga pasi kola iliyokuwa imekwisha kunyooka. Alitamani Gundi angecheka.