Mpira Ulioangukia Makaburini

Du. Kimya kidogo, kisha du tena.

Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza katika chumba cha chini ya ardhi nilichopanga Rexdale, pembezoni mwa Toronto. Dirisha langu lilikuwa dogo kama sinia ya chai na limezibwa na majani makavu, kwa hiyo niliisikia sauti ile kabla sijaona chochote cha nyumba hiyo kwa mwanga wa mchana. Nilidhani kuna mtu anapigwa. Nikajifunga khanga juu ya sweta, nikapanda ngazi, nikafungua mlango wa nyuma.

Mwenye nyumba wangu, mgane wa miaka sabini na kitu, alikuwa anapiga mpira kwenye mlango wa gereji. Aliushika kwa mikono miwili, akauachia, akaupiga kwa mguu kabla haujagusa chini. Ukagonga mbao, ukamrudia kifuani.

"Nimekuamsha, binti?" aliuliza, na hakusubiri jibu. Du.

Alikuwa Mwairishi, fundi bomba mstaafu, na alikuwa ameishi Toronto miaka arobaini. Mchezo wenyewe alinifundisha mezani jikoni, kwa vikombe na vijiko. Ni mchezo wa kwao, si soka wala si raga. Watu kumi na watano kila upande, mpira unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, na goli lina nguzo mbili ndefu zinazopanda juu kupita mwamba. Ukiuingiza wavuni unapata pointi tatu. Ukiupitisha juu ya mwamba, katikati ya zile nguzo, unapata moja. Hakuna anayelipwa hata senti. Na hakuna anayechagua timu. Unaichezea parokia uliyozaliwa, aliyoichezea baba yako, na ukijaribu kuhamia ya jirani, mama yako hatapata wa kukaa naye benchi moja kanisani.

"Huhami," aliniambia, akikisogeza kijiko kilichokuwa yeye. "Hata ukija Kanada, hujahama."

Kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika, parokia za kaunti moja hushindania kombe, na mbili hubaki kwa ajili ya fainali. Parokia yake haikuwa imefika fainali tangu yeye akiwa kijana. Mwaka ule ikafika, na wapinzani wakawa walewale wa zamani, parokia ya ng'ambo ya mto. Ilikuwa miaka ile ambayo simu zetu bado zilikuwa na vitufe, na redio ndogo ya kaunti yao ndiyo kwanza imeanza kusikika kwenye mtandao. Mzee hakuwa na kompyuta. Mimi nilikuwa nayo, ya kuandikia tasnifu, nzito kama tofali.

Kwa wiki mbili nyumba ile haikukaa kimya. Aliifua skafu yake ya kijani na nyeupe, akaianika juu ya hita, akaifua tena. Alipiga mpira asubuhi na alasiri hadi jirani akalalamika. Na Jumanne moja, akimenya viazi, akanisimulia habari ambayo sikuwa nimemwomba.

Katika fainali ile ya zamani walikuwa nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache, wakapata mpira wa adhabu mbele ya goli kabisa. Mpigaji wa timu alikuwa mdogo wake, ambaye mwaka mzima hakuwa amekosa. Yeye, kwa kuwa ndiye kaka na ndiye nahodha, akamnyang'anya mdogo wake mpira mikononi mbele ya kaunti nzima. Akaupiga. Ukapita kando ya nguzo, ukavuka ukuta nyuma ya goli, ukaangukia makaburi ya kanisa. Mdogo wake ndiye aliyeparamia ukuta kwenda kuufuata. Akarudi nao, akamkabidhi mikononi, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena hata neno moja. Majira ya kuchipua yalipofika, mzee akapanda ndege kuja Toronto. Mdogo wake alikuwa amezikwa miaka miwili kabla ya Jumanne ile, katika makaburi yaleyale. Mzee hakwenda.

"Ningeenda kumwambia nini?" alisema, akaendelea kumenya kiazi ambacho hakikuwa na ganda tena.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Nataka kitu kimoja tu. Filimbi ya mwisho ilie, tuwe tumeshinda, na mimi nimekaa nao meza moja. Hapo yatakuwa yamekwisha. Miaka arobaini wananitupia mpira ule, binti. Siku hiyo watakosa cha kunitupia."

Aliokuwa akiwasema ni watu wa kaunti yake waliohamia Toronto, wa parokia zote mbili. Walikutana Jumapili katika baa moja magharibi ya jiji, inayomilikiwa na mama mmoja wa hukohuko kwao. Mzee akaniomba nibebe kompyuta ili wasikilize fainali pamoja. Nilikubali kwa ajili yake. Nataka hilo lieleweke, ingawa halinisaidii.

Tulipanda basi la barabara ya Kipling, yeye na tai shingoni, mimi na kompyuta mapajani. Tukafika saa tatu na robo asubuhi, kwa kuwa mechi ingeanza saa nane na nusu mchana kwao, na tofauti ya saa ni tano. Watu kama ishirini walikuwa wameshajaa chumba cha nyuma. Sheria ya Ontario haikuruhusu bia kabla ya saa tano asubuhi, hivyo walikuwa wanakunywa chai, birika kwa birika, na mayai na soseji. Hakuna aliyekuwa amelewa. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akatutetea.

Mzee alipoingia tu, wakaanza. Mkubwa wao alikuwa fundi wa mapaa, mwanamume mpana wa parokia ya ng'ambo ya mto, mwenye sauti ya kuitia watu walio juu ya paa.

"Jamani, nahodha huyo! Mnyang'anyeni vijiko, asije akavipiga nje ya dirisha!"

"Salama, mzee? Mguu umepona?"

"Mguu haukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa macho," alidakia mwingine.

Mzee akatabasamu, akakaa mwisho wa meza ndefu. Alikuwa amelizoea hilo. Nami, huku nikitafuta waya wa mtandao, nikasikia kitu kinalegea kifuani, kitu kilichokuwa kimekaza tangu nishuke uwanja wa ndege. Ulikuwa utani. Hatimaye nilikuwa nimefika mahali penye utani.

Mimi ni Mzaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi. Bibi yangu alipofariki, mwanamke mmoja wa Kinyamwezi aliingia msibani, akavaa khanga za marehemu, akaketi kwenye kigoda cha marehemu, akakohoa kile kikohozi kilichomuua. Akatuomba maji kwa sauti ya bibi. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mama yangu, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alicheka kuliko wote, kisha akaomba uji. Hivyo ndivyo nilivyolelewa: mtani anagusa palepale panapouma, na pale panapoguswa panapona. Toronto hakuna aliyewahi kunitania. Chuoni waliniomba radhi hata nilipowakanyaga mimi. Kiswahili changu kilikuwa cha simu kwa mama na cha msikitini siku za Ijumaa. Tangu nifike nilikuwa sijatukanwa kwa mapenzi hata siku moja.

Saa tatu na nusu ikafika. Redio ilikuwa inapiga kodiani. Tukasubiri. Kodiani ikaisha, akaja mwanamke akasoma matangazo ya vifo, fulani wa kijiji fulani, ameacha watoto watano, mazishi kesho baada ya misa, kama redio ya nyumbani nilipokuwa mdogo. Watu wakanigeukia.

"Binti, hii siyo redio yenyewe."

"Ni yenyewe," nilisema. "Wametaja kaunti yenu."

Mama mwenye baa ndiye aliyegundua. Alijipiga paji la uso. Kwao saa zilirudishwa nyuma usiku uliopita. Kanada zilikuwa hazijarudishwa, bado wiki moja. Kwa wiki hiyo moja katika mwaka mzima, tofauti ni saa nne, si tano. Watu ishirini waliozaliwa kule, wanaopiga simu kule kila Jumapili, wote walikuwa wamesahau. Mechi ingeanza saa nne na nusu.

Basi tukawa na saa nzima isiyokuwa na kazi. Bia hakuna, mpira hakuna, kuna chai na ndimi tu. Nimeshaifikiria sana saa ile. Kama wangekumbuka kwamba saa za kwao zimerudishwa, mzee angeingia, angekaa, mpira ungerushwa.

Walianza kumla taratibu, kama watu wanaobandua ngozi ya kuku. Walimsimamisha aonyeshe alivyosimama siku ile. Akasimama. Wakampa chungwa alipige. Akakataa, akicheka, wakampigia meza ngumi hadi akaliachia chungwa na kulipiga, likagonga ukuta chini ya picha ya mama mzazi wa mwenye baa. Kelele zikalipuka.

"Pembeni!" alipiga yowe fundi wa mapaa. "Pembeni tena! Miaka arobaini ya mazoezi na bado ni pembeni!"

"Mwacheni mzee anywe chai," alisema mama mwenye baa, lakini naye alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

Hata watu wa parokia yake hawakumtetea. Ndio waliokuwa wakali zaidi, kwa kweli. Wao ndio walioporwa nafasi ya kombe. Mmoja alimwambia kwamba leo, wakishindwa, itakuwa ni kwa sababu yeye amesikiliza. Mzee aliendelea kutabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ncha ya skafu na kuikunja, kuikunjua, kuikunja. Mara mbili aliitazama saa ya ukutani. Mara moja alinitazama mimi, na nilijua anachonikumbusha: filimbi ya mwisho, meza moja. Niliinua kidole gumba. Bado dakika kumi.

Redio ikatangaza kwamba timu ziko uwanjani. Uwanja ulikuwa uleule, wa kando ya kanisa. Watu wakavuta viti. Fundi wa mapaa akainama juu ya meza, akasema kwa upole wa kujifanya, "Mzee, sema ukweli. Leo wakipata adhabu mbele ya goli, na mpira ukavuka ule ukuta, nani atakwenda kuufuata makaburini?"

Wote wakamgeukia mzee, wakisubiri jibu. Na jibu nilikuwa nalo mimi. Lilikuja lenyewe, zuri, limekamilika, kama sentensi inavyokuja mara moja kwa mwezi nikiwa nimekaa mbele ya karatasi. Nilikuwa nimeketi pale saa nzima nikichekea kando. Nilitaka kuingia.

"Usijali, mzee," nilisema. "Safari hii mdogo wako yuko hukohuko ndani. Atakuokotea."

Hakuna aliyecheka.

Ndipo nilipojua kwamba kwa miaka arobaini walikuwa wamemtupia mpira, ukuta, mguu, macho, na hata siku moja hawakuwa wamemtaja mdogo wake. Walikuwa na mpaka. Walikuwa wameulinda wote, hata yule mpana, bila kuambizana. Mimi, mgeni pekee aliyepewa siri ile juu ya maganda ya viazi, ndiye niliyeuvuka.

Niliutazama uso wa mzee nikisubiri kile nilichokiona kwa mama yangu, kicheko kinachofungua njia ya uji. Hakikuja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka amemwambia nani nini.

Kisha fundi wa mapaa akatoa pumzi puani. Ikawa kicheko kidogo, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Wa pili akafuata, na wa tatu, na chumba kizima kikapasuka, watu wakiinamia sahani zao, wakipiga kelele "Mungu atusamehe!" na kuendelea kucheka. Lilikuwa jibu zuri. Ndilo tatizo lake. Mkono mpana ukanipiga mgongoni.

"Huyu sasa ni wetu," alisema fundi. "Mpeni binti chai."

Nilifurahi. Ningependa kuandika vinginevyo. Nilipokea kikombe.

Mzee akasimama. Aliikunja skafu mara mbili, akaiweka mezani mbele yangu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Akavaa kofia yake. Alihitaji muda kupata mkono wa koti, na hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa mtangazaji alikuwa anasoma majina ya wachezaji na kila mtu alitaka kusikia ya parokia yake. Nyumbani hakukuwa na redio ya kuikamata mechi ile. Kompyuta ilikuwa mbele yangu.

"Mzee," nilisema, "inaanza sasa hivi."

"Ongeza sauti, binti," alijibu. "Wa nyuma hawasikii."

Nikaongeza. Wangu ulikuwa mkono wa pekee uliojua kuuweka waya ule mahali pake sauti isikatike, kwa hiyo sikunyanyuka. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilimwona akipita kati ya viti, akiomba radhi kwa kila goti alilogusa. Mwamuzi akapiga filimbi, chumba kikanguruma, na mlango ukajifunga nyuma yake.