Dakika Arobaini za Salamu

Programu ya kuhariri video niliyoiweka kwenye kompyuta yangu ilikuja na ukurasa mzima wa masharti, nami niliupita bila kuusoma, kama wanafunzi wangu wanavyopita maelekezo ya mtihani. Ulisema RAM isipungue GB nane. Mashine yangu ilikuwa na nne. Ulisema diski iwe na nafasi tupu ya kutosha. Yangu ilikuwa imejaa mitihani ya darasa la sita ya miaka yote niliyofundisha. Nikabonyeza kubali, kubali, kubali, nikaenda kuweka chai jikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa video ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Harusi ilifanyika hapa Bariadi, na mama hakuwepo. Wiki tatu kabla yake alikuwa ameteleza akivuka uwanja wa nyumba yake kule Migato, akavunjika nyonga. Kukaa tu kulimshinda, sembuse kupanda gari. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono akasema, "Ng'wanone, mwanangu, huyo ndiye kitinda mimba wangu. Nipigie video, nikae pale kama nilikuwepo." Nikamwahidi. Wapiga picha wa kukodi tuliwachukua kwa picha za mnato tu, za albamu. Video niliipiga mwenyewe, kwa simu yangu, kwa ubora wa juu kabisa ambao simu ile ilikuwa nao, maana nilitaka mama aone hadi nyuzi za shela.

Ubora huo ndio ulionitesa. Nilipoanza kupanga vipande, mashine ilikwama. Bibi harusi aliinua mguu kushuka kwenye gari, mguu ukabaki hewani, mimi nikafua nguo, nikaanika, nikarudi, mguu bado uko hewani. Nyumba yangu ya Somanda ina bati bila dari, na saa saba mchana feni ya kompyuta ilikuwa inalia kuliko mashine ya kusaga. Niliipiga kofi. Sijivunii hilo, lakini niliipiga.

Kesho yake nikaibeba hadi kwa fundi mwenye duka la simu na kompyuta karibu na stendi. Ni mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma, ambaye huongea na mteja huku akichokonoa simu ya mteja mwingine.

"Mwalimu, mashine yako haiumwi," alisema. "Umeipa mzigo usio wake. Programu hii inataka RAM nane, na hiyo ni ya kuanzia tu."

"Kwa hiyo niitupe?"

"Usitupe. Tutaisaidia."

Akanifundisha, na lazima nikiri alijua kufundisha. Nifunge kila kitu kingine, hasa intaneti, maana ile hula RAM hata ukiwa huiangalii. Niichomeke kwenye umeme muda wote wa kazi, kwa sababu ikiwa kwenye betri hujipunguzia kasi yenyewe. Niiinue kwa matofali mawili ili ipumue kwa chini. Nitengeneze nakala nyepesi za vipande, nihariri kwa hizo, na mwishoni programu yenyewe ichukue zile halisi. Niangalie kazi kwa ubora mdogo, ile ya mwisho ndiyo itoke kwa ubora mkubwa. Na niachie nafasi kwenye diski, kwa sababu programu huandika vitu vyake humo inapofanya kazi, na ikikosa pa kuandika inasimama.

"Ila usifute kitu, mwalimu," akasema, akiinua macho kwa mara ya kwanza. "Chukua diski ya nje, hamishia huko kwanza."

Nilimjibu kwamba nina akili zangu. Ndivyo nilivyo: nikishafundishwa mambo sita, la saba huniona nimeshaondoka.

Nyumbani nilifuata yote. Matofali, umeme, nakala nyepesi. Mashine ilitembea, si kwa kukimbia, ila ilitembea, na nilifurahi kama mtoto. Nilipofika kwenye kuitoa video kamili, ikagoma: diski imejaa. Nikatazama ni nini kimekula nafasi. Kulikuwa na vipande kumi na kimoja vya mwanzo kabisa wa sherehe, dakika arobaini nzima, na ndani yake hakuna kilichokuwa kinatokea. Watu walikuwa wanasalimiana.

Anayetujua watu wa huku atakuwa ameona tunavyosalimiana. Wakwe zetu ni wafanyabiashara wa samaki wa Lamadi. Walifika wengi, na kila mmoja wao alimsalimia kila mmoja wetu, mkono kwa mkono, wanawake wakipiga magoti kwa wakubwa: mwadila, mwadila, za kwenu, watoto, ng'ombe, mvua, mhola, mhola duhu, yaani nzuri, nzuri tu. Umalize huyu, uanze na yule. Kwa macho ya mhariri salamu hizo zilikuwa makapi. Mitihani ya darasa la sita sikuigusa. Salamu nikazifuta zote, ambazo kwenye simu nilikuwa nimeshazifuta nilipozihamisha, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, nafasi ikapatikana, na video ikatoka. Ilikuwa ya dakika ishirini na tano, safi, yenye muziki. Nikajipongeza kwa soda.

Jumamosi nikaenda Migato. Mama alikuwa amelazwa ubavu, nikamwekea kompyuta juu ya kigoda, usawa wa macho yake. Nikaiwasha. Gari likaja, mdogo wangu akashuka, mguu ukafika chini safari hii, tukaingia ukumbini, keki ikakatwa. Nilikuwa namtazama yeye, siitazami video, nikisubiri atabasamu.

"Simamisha," alisema.

Nikasimamisha.

"Mbona mmefika mkaanza kula? Hamkusalimiana?"

"Tulisalimiana, mayu. Nilipunguza tu."

"Ulipunguza." Alilirudia polepole. "Mimi sijui wale watu. Mwanangu amekwenda kwao. Nitajuaje ni watu wa namna gani kama sijasikia wanavyosalimia?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mama mkwe wa mdogo wangu, alipofika mwisho wa mstari wetu, aliuliza mama mwenye mtoto yuko wapi. Tukamweleza habari ya nyonga. Akaniuliza, hiyo simu inachukua na sauti? Nikasema ndiyo. Akapiga goti mbele ya simu yangu, akamsalimia mama kana kwamba mama amekaa pale, akampa pole. Wenzake wakapanga foleni nyuma yake, na wao wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshika simu, mkono umechoka, nawaombea wamalize haraka.

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia ukweli wote: walikusalimia wewe, mayu, kwenye simu, na nimefuta. Nililia, nikajichukia waziwazi mbele yake. Hakunibembeleza, na hakunigombeza.

"Zima hiyo," alisema. "Wewe ulikuwepo. Nisalimie ulivyosikia."

Nikaifunga kompyuta, nikapiga goti kando ya kitanda. Nilianza na mama mkwe, kwa maneno yake kadiri nilivyoweza: mwadila, mayu, pole na kuanguka, mtoto wako tumempokea. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye mto akaitikia kwa sauti kamili, ile anayoitumia kwa wageni, akauliza na habari za kwao, nikalazimika kujibu kwa niaba yao. Nikaleta shangazi mwenye khanga nyekundu, mzee mwenye fimbo aliyeuliza kuhusu mvua, na msichana aliyesahau maneno akacheka. Kila mmoja alijibiwa. Nilifika wa tisa, pengine wa kumi, nikakwama.

"Nani mwingine?"

"Walikuwepo wengi, mayu. Siwakumbuki."

Ndipo mama akageuza uso kuelekea mlangoni, akawaitikia na kuwashukuru wale niliowasahau, "Mhola duhu. Wabheja," kisha tena, "Mhola duhu," na tena, akiacha nafasi ya mtu mmoja kila mara, hadi akachoka.