Mto Mbele ya Nyumba ya Jeska

Twaha alirudisha dadu mezani bila kuirusha. "Kasilda, mi nimechoka na safari hii ya majoka," akasema. "Leta safari ingine. Ya ajabu, kama ile ya ng'ombe."

Wenzake wakacheka, maana safari ya ng'ombe ilikuwa imewaweka kwenye meza hiyo msimu mzima wa mvua. Katika safari hiyo wote walikuwa ng'ombe wa mahari. Waliswagwa kilima hadi kilima, na kazi yao ilikuwa kuamua kama huko wanakopelekwa kuna nyumba ya kufaa kumkaribisha binti wa watu. Twaha, ambaye siku za kazi huuza nyama sokoni Gitega, Burundi, alikuwa fahali anayeogopa maji, na aliuigiza uoga huo mpaka dada yake Salima akashika mbavu kwa kucheka.

Mchezo wenyewe hauna ugumu. Kila mmoja anachagua atakuwa nani. Msimulizi anawaambia mko mahali fulani, limewakuta jambo fulani, nao wanasema wanafanya nini. Penye shaka dadu inarushwa. Namba ikiwa kubwa, umefaulu. Ikiwa ndogo, umeanguka, na hadithi inaendelea kutoka hapo ulipoangukia. Hadithi ndefu, inayotoka Jumapili hii kwenda Jumapili ile, wao wanaiita safari.

Walichezea kwenye meza ya kukatia vitambaa, katika chumba cha cherehani cha Salima, mtaa wa Waswahili. Salima ndiye aliyempa Kasilda kazi alipofika kutoka Butihinda, mkoa wa Muyinga, akiwa hajui mtu. Ndiye pia aliyemsikia siku moja akiwasimulia wateja hadithi huku anapiga pasi, akamwambia, "We, hiyo kitu iko kichwani mwako usiimalize kwa wateja. Jumapili tunafunga duka. Uje utuambie sisi." Wa nne mezani alikuwa Gervasi, mkulima wa Makebuko anayeleta maharage mjini na kulala kwa Salima kama mpangaji. Gervasi huongea kidogo, lakini dadu humpenda.

Msimulizi alikuwa Kasilda siku zote. Watu wa mtaa humwita Mtanzania kwa Kiswahili chake kilichonyooka, na hawakosei sana, kwani alikulia kambini, upande wa Ngara, wazazi wake walikokimbilia. Huko ndiko alikoupata mchezo, na aliyempa ni Jeska.

Jeska alikuwa msichana wa nyumba ya pili, mkubwa kwake kidogo. Alichonga dadu kwa mti wa mkaratusi, akazitia alama kwa msumari wa moto, kisha akamwambia Kasilda, "Leo wewe ni mlinzi wa daraja, na mimi ni mvua." Tangu siku hiyo Kasilda hakupata tena mtu wa kumfikirisha hivyo. Kambi ilipofungwa, malori ya kurudi Burundi yakaja. Familia ya Kasilda ilipanda. Familia ya Jeska haikuonekana asubuhi ile. Watu walisema wametoroka kuelekea bara, kule Tanzania kwenyewe. Tangu hapo, kila safari aliyoitunga Kasilda, ya ng'ombe, ya wafanyabiashara wa chumvi katika nchi isiyojua uongo, ya kijiji kinachonunua mvua kwa vibaba, aliitunga kama mtu anayetaka kumwonyesha mtu mwingine aliyekaa nyuma ya wale anaowaona.

Jumapili ile Twaha alipodai safari ya ajabu, Kasilda alisema, "Haya. Kuna kambi imefungwa. Watu wote wameondoka. Ninyi ni vitu vilivyoachwa."

"Vitu gani?" Gervasi akauliza.

"Chagueni. Usiku mmepata miguu. Kila kitu kinamtafuta mwenyewe."

Twaha akawa kufuli lisilo na ufunguo. Gervasi akawa mlango wa bati, na akataka ijulikane kwamba mlango huo una kutu chini lakini unajiheshimu. Salima akawa sufuria yenye mkono mmoja. Wakaanza kutembea. Walipita mashamba ya migomba, wakamkimbia mnunuzi wa vyuma chakavu, kufuli likagombana na mlango juu ya nani kati yao alilinda nyumba kweli. Ilikuwa safari nzuri kuliko zote. Wapita njia wakawa wanasimama dirishani kusikiliza.

Ndipo Salima akauliza, "Na mi, mwenye hii sufuria iko nani?"

Kasilda hakuwa ameandaa jina. "Anaitwa Jeska," akasema, akageukia dirishani.

Salima alimtazama, kisha akarusha dadu.

Jumapili zikapita. Gervasi alimpata bibi aliyeutundika mlango wake tena. Kufuli la Twaha lilimkuta mwenyewe amekwisha kufa, likajifunga kwenye lango la kaburi, na Twaha akakataa chai siku hiyo. Ikabaki sufuria. Kila mara sufuria ilipokaribia kijiji cha Jeska, mto ulitokea. Mto ulijaa, au ulihama, au kivuko kilivunjika.

"Yewe!" Twaha akapiga meza. "Dada amerusha sita! Sita, na bado unaleta mto?"

"Mto umefurika," Kasilda akasema bila kuinua uso.

"Mais, lakini sasa ni mito mingapi? Hii nchi yako iko na maji kuliko ziwa Tanganyika!"

Salima akamnyamazisha ndugu yake kwa mkono. Wengine walipokwenda, akabaki akikunja mabaki ya vitambaa. "Mwanangu," akasema, "huyu Jeska si wa mchezo."

"Si wa mchezo, mama."

"Iko hai?"

"Sijui."

"Bon. Basi usikae hapa kuninyima mi kuvuka, sababu we unaogopa kuuliza. Nenda kwenu Muyinga. Watu wa kambi wako kule. Uliza."

Kasilda alikwenda. Alishuka Gasorwe, huko huko Muyinga, siku ya soko, akazunguka kwa wauza viazi na wauza nguo, akiuliza waliorudi kutoka Ngara. Mtu mmoja alimpeleka kwa Emmanuel, fundi baiskeli, ambaye mama yake na mama wa Jeska walikuwa ndugu. Emmanuel alifuta mikono yenye grisi, akasema kama mtu anayetaja bei ya kitu cha kawaida: "Jeska? Si yuko Kahama. Anauza chakula stendi. Namba yake ninayo."

Kahama. Miaka yote hiyo Kasilda alikuwa amemweka mbali mno, mahali pasipo na jina, kumbe yuko mahali ambapo basi hufika.

Alipiga simu akiwa nyuma ya nyumba ya mama yake, Butihinda, mchana, upepo ukivuma kutoka upande wa mpakani.

"Kasi!" Jeska akapiga kelele. "Kasi wa mama Klara! Mungu wangu, uko hai!"

Walilia, wakacheka, wakaulizana wazazi na watoto. Kisha Kasilda akamwambia kuhusu mchezo, na meza ya Gitega, na ng'ombe wa mahari.

"Mchezo gani, mdogo wangu?" Jeska akauliza.

"Wa dadu. Ulizichonga wewe. Ulikuwa mvua."

"Mimi?" Jeska akacheka kwa kusitasita. "Labda. Kasi, siku zile chakula kilikuwa kinachelewa, wewe unalia. Nilikuwa nabuni chochote unyamaze. Lakini unajua ninachokumbuka mimi? Siku ile niliyoumwa, wananicheka nina mba, ukaninyoa kichwa kwa wembe, halafu ukajinyoa na wewe ili tufanane. Hilo sijalisahau hata siku moja. Nimewaita wanangu wote wakaniona nalia nikilisimulia."

Kasilda alijipapasa nywele. Alitafuta siku hiyo kichwani mwake kote, hakuiona.

"Ndiyo," akasema. "Nakumbuka." Akajuta papo hapo, akarekebisha: "Hapana, Jeska. Sikumbuki."

"Basi tumegawana," Jeska akasema. Nyuma yake mtu alidai ugali, simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata, Gitega, mto haukutokea. Sufuria ilivuka kwenye mchanga mkavu, ikafika mlangoni. Salima akainama mbele. "Ananiambia nini?"

"Anakutazama," Kasilda akasema. "Anasema wewe ni sufuria nzuri. Lakini hakujui."

"Mi namuuliza kama leo amekula," Salima akasema. Kasilda alisahau kumwambia arushe dadu.

Siku hizi Jumapili nyingine Jeska hucheza nao kwa simu iliyoegemezwa kwenye birika. Ni mchezaji mbovu. Hana subira, huua kila anayekutana naye, huondoka katikati kuwahudumia abiria. Twaha anampenda sana. Kasilda naye anampenda, na wamepanga akitengeneza karatasi za kuvuka mpaka wa Kobero aende Kahama akawaone watoto.

Hata hivyo, zipo nyakati, Jeska akiwa anapayuka juu ya bei ya mkaa na wenzake wanacheka, ambapo Kasilda hugeuza macho kwenye kona ya meza isiyo na mtu. Anamtamani msichana wa Ngara aliyesema, mimi ni mvua. Huyo hayuko Kahama, wala hakuna basi la kumfikia. Kisha Gervasi humgusa kiwiko, kwa kuwa zamu yake imefika, naye Kasilda huuliza, "Haya, sasa mnafanya nini?"