Pampu Aliyoombea Pasta

Aibu hii nimeificha vya kutosha, na kuibeba kumenichosha, kwa hivyo chekeni tu, mimi nilishamaliza kulia.

Kazi yangu, huko ofisini Westlands, ni kuandika draiva, yaani zile programu ndogo zinazokaa ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) na kusimamia vifaa: nani ashike pampu, nani asubiri, nani aachilie. Shangazi yangu Nafula alikuwa ameacha kazi ya kupikia watu kule Karen ili afungue duka la maziwa Dagoretti, lenye mashine ya kujimiminia, na kwa kuwa mdomo ninao nikamwambia asihangaike na programu za watu, nitamwandikia mimi. Mteja akibonyeza, programu inashika pampu, inasubiri jagi kwa dakika moja, inamimina, inaachilia. Jagi lisipowekwa je? Hapo pia ilifaa iachilie, lakini nilikuwa nimechoka (huwa nimechoka), nikajiambia, nani atabonyeza halafu asimame tu na jagi mkononi?

Shangazi yangu, siku ya ufunguzi. Alibonyeza, na kabla hajaweka jagi, pasta wa kanisa lake akasema, "Wapendwa, tufumbe macho." Akaiombea mashine, akaombea ng'ombe na waliowakamua (nadhani hata nyasi ilitajwa). Tulipofumbua, programu ilikuwa imechoka kungoja na kuondoka bila kuachilia pampu. Shangazi akabonyeza tena. Kioo kikaandika: kifaa kinatumika.

"Kinatumika na nani?" akauliza.

Watu wote na majagi yao wakanigeukia. Ningezima mashine na kuiwasha upya yangeisha, lakini niizime mbele ya pasta? Nikafungua laptopu, nikafuta mstari unaozuia pampu kushikwa mara mbili. Shangazi akabonyeza, maziwa yakatoka, watu wakapiga makofi, jagi likajaa, na maziwa yakaendelea kutoka. Kerneli huhesabu walioshika kifaa, na hukizima pale tu wa mwisho anapokiachilia. Yule wa kwanza, aliyeshika wakati wa maombi, hakuwepo tena wa kuachilia chochote.

"Zima hiyo kitu!" shangazi akapaza sauti. Nikachomoa waya wa stima. Betri ya akiba ikaendeleza kazi (niliifunga mimi mwenyewe, nikajisifu wiki nzima). Nilipoifikia swichi yake nyuma ya tangi, nusu ya maziwa ilikuwa sakafuni, soksi zangu zimelowa, na mama mmoja anakinga kwa kifuniko cha thamosi.

"Tuombe?" akauliza pasta.

"Hapana, pasta!" Tulijibu pamoja, mimi na shangazi.

Shangazi hakunigombeza. Alishika mopa, akasema taratibu, "Wewe tangu uko mtoto ukifungua mlango hufungi. Ni mimi nilikuwa nakuja nyuma nikifunga." Iliniuma sana, afadhali angenitukana.

Siku hizi naandika mstari wa kuachilia kabla ya ule wa kushika. Programu nimeirekebisha, nimeijaribu mpaka nikachoka, na inafanya kazi vizuri kabisa. Shangazi bado anapima maziwa kwa kikombe.