Mtema Niliyemzika na Baba

Kitu nilichokitia kwenye koti la baba asubuhi tuliyomzika, nilikiona kwenye simu ya mfanyakazi mwenzangu miezi minane baadaye, wakati wa chai ya saa nne.

Watu elfu mbili walikuwa wanakisia ni nini.

Mimi sikuhitaji kukisia.

Ngoja nieleze taratibu, maana najua kuna watakaoniita mwongo kabla sijafika katikati.

Ni kile kidude chembamba cha plastiki chenye kichwa cha mnyama. Unapanga peremende tumboni, ukikivuta kichwa nyuma, kooni inachomoza peremende moja. Kuna watu wazima kabisa, wenye ndoa na vitambi, wanaovikusanya hivi vidude kama wengine wanavyokusanya stempu.

Chetu kilikuwa na kichwa cha kiboko. Nyumbani tulimwita Mtema, kwa sababu ya kutema peremende. Sikio la kushoto hana, nililing'ata nikiwa na miaka minne. Shingo ilivunjika, baba akaiunga kwa gundi ya mabomba. Baba alikuwa fundi pampu, kwake kila kitu duniani kilikuwa bomba lililokosa matengenezo. Gundi ikaacha mstari wa bluu shingoni, umepinda kama tabasamu la mtu mwenye jino bovu.

Mstari huo ndio niliouona kwenye simu.

"Mbona umekauka hivyo?" Sentimita akaniuliza.

Sentimita anaendesha mashine ya kukatia karatasi kwenye kiwanda chetu cha uchapaji. Tulimpa jina hilo kwa sababu anapima kila kitu, hata mkate wake. Mimi ni msahihishaji. Kila kalenda na kila kadi ya harusi hupita kwanza chini ya kalamu yangu nyekundu ndipo imfikie yeye.

"Huu ukurasa wa nani?"

"Mchezo huo. Kila siku saa nne anaweka kipande cha picha. Juzi kitako, jana tumbo, leo shingo. Wewe unakisia kichwa ni cha nani. Mimi nimesema bata."

"Nani anauendesha?"

"Hajulikani, dada. Anajiita Mfuko wa Ndani."

Chai ikanimwagikia mapajani. Sikuisikia.

Asubuhi ya mazishi koti la baba lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, likisubiri kupelekwa mochwari avikwe. Nilichungulia koridoni, nikaona hakuna mtu, nikamtumbukiza Mtema.

Kwenye mfuko wa ndani.

Sikumwambia yeyote. Na tulipofika pale kwenye jeneza, watu wakapita mmoja mmoja kumtazama, mimi niliangalia viatu vyangu. Sikuweza.

"Soma na hapo chini," Sentimita akasema. "Kesho kuna mambo."

Chini ya picha palikuwa na maneno haya: *Kesho saa nne nakifungua mbele yenu wote. Ndani hamna peremende. Nikikitikisa, kuna kitu kinagonga. Kisieni.*

Watu walikuwa wanafurahi. Mmoja kaandika kidonge. Mwingine kaandika pete ya mchepuko. Mwingine kasema ni jini mdogo, mwacheni alale.

Mimi nilijua kilichomo. Vitu viwili.

Cha kwanza ni jino langu la utoto. Baba alilihifadhi humo siku lilipong'oka, akasema Mtema hana meno, tumkopeshe.

Cha pili ni karatasi, niliyoikunja mpaka ikawa ndogo kuliko ukucha. Niliandika maneno haya, na hapa nayaandika kwa mara ya pili maishani: *Baba, ulipopiga niliiona. Niliigeuza simu kifudifudi. Nisamehe.*

Alipiga saa nne na dakika sita. Mimi nilikuwa nabishana na mteja kuhusu mkato kwenye kalenda. Mkato, jamani. Nikaona jina lake linawaka, nikasema moyoni huyu atataka nimtafutie miwani, nikaigeuza. Baba alikuwa ameanguka kwenye chumba cha pampu, yuko peke yake. Walipomfikia alikuwa ameshaondoka.

Nyumbani wote waliamini kwamba hakumpigia mtu. Mama alisema hivyo kila alipoulizwa. Nilimwacha aseme.

Sasa kesho saa nne mtu nisiyemjua angeikunjua karatasi ile mbele ya watu elfu mbili. Mwandiko wangu mama anautambua akiwa amefumba macho.

Lakini hilo lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa hili: aliyenacho amekitoaje huko chini?

Mchana nilimwomba Sentimita anishikie zamu. Nikaenda makaburini.

Niseme ukweli, nilitegemea kukuta shimo. Nilikuwa nimejiandaa kwa shimo.

Saruji ilikuwa nzima. Hakuna ufa. Majani yameota pembeni, na yale maua ya plastiki aliyoweka shangazi yamefifia yakiwa palepale.

Kama kaburi lingekuwa limechimbwa, ningesema ni wezi, ningekwenda polisi. Lakini kaburi halijaguswa, na kilichozikwa ndani kipo juu, kinapigwa picha kila siku saa nne. Nikajikuta naongea na saruji.

"Baba, ni wewe?"

Saa ile ile simu ikatetemeka mkononi. Nilikaribia kuitupa. Alikuwa mama, anauliza kama tuna viazi vya kutosha. Nikasema sijui, nikakata.

Nilimwandikia Mfuko wa Ndani nikiwa nimekaa juu ya ukingo wa kaburi la jirani, Mungu anisamehe.

*Umekipata wapi?*

Jibu likaja haraka. *Kila mwenye haraka huniuliza hivyo. Kisia kwanza.*

*Usikifungue kesho. Nakuomba.*

*Kwa nini? Kuna nini ndani?*

*Jino,* nikaandika.

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

*La nani?*

*Langu.*

*Njoo,* akajibu. Akanielekeza: nyuma ya maduka ya viatu, mlango wa kijani, usibishe hodi, sukuma.

Sikwenda peke yangu. Mimi ni mkali wa maneno, ngumi sizijui. Nilimpitia Sentimita alipotoka kazini, naye akabeba rula yake ya chuma ya nusu mita.

"Ukiona nimekaa kimya sana, toka kwa mlango ulioingilia," akaninong'oneza.

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa mbele yako."

Tukasukuma mlango.

Mvuke ukatupiga usoni. Ulipotawanyika niliona nguo. Mamia ya nguo zimetundikwa kwenye mabomba darini, kila moja imevikwa nailoni, zikiyumba kidogo kama watu wanaosubiri kuitwa. Katikati yake amesimama mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, pasi mkononi.

"Wewe ndiye jino?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na huyo mwenye panga?"

"Ni rula, mama," Sentimita akasema, akaificha mgongoni. "Ya kazi."

Alikuwa dobi. Miaka thelathini anapekua mifuko ya watu kabla ya kufua.

"Watu wanasahau vitu, mwanangu. Nikiweka picha nzima mtandaoni, wanakuja kumi na wote ni chao. Nikiweka vipande, waongo wanajianika wenyewe. Mwenye mali anajua kisichoonekana. Kwa hiki nimeshawafukuza saba. Kuna mmoja ameapa kwa mama yake kuwa ndani kuna dhahabu."

Akavuta droo, akamweka Mtema mezani. Kiboko wangu, sikio moja, mstari wa bluu.

"Alikuwa kwenye nini?" nikauliza.

Akainua fimbo yenye ndoano, akachomoa nguo kutoka mstari wa nyuma kabisa, akaishusha mbele yangu.

Koti la baba. Mabega yamejaa hewa, mikono imening'inia. Kwa kufumba na kufumbua nilimwona yeye mwenyewe amesimama. Sentimita akanidaka kiwiko.

"Aliliacha kijana mmoja, sasa yapata miezi minane," dobi akasema. "Alilipa kabisa, ila namba aliyoandika haipatikani. Kijana mrefu. Ana kovu linalokata nyusi ya kulia."

Kovu hilo nalijua. Nilikuwepo alipoanguka kwenye bembea.

Kaka yangu.

Nikamvuta Mtema kichwa, nikamgeuza juu ya meza. Jino likabingirika. Nikatikisa tena. Nikachungulia.

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani? Nilimchungulia siku ile ile. Jino tu."

Basi hapo hofu ikageuka sura. Si marehemu tena. Mtu wangu wa damu amemvua baba koti, amesoma maneno yangu, na miezi minane ananipitishia chumvi mezani bila kusema kitu.

Nilifika nyumbani jioni, jua bado lipo. Mama alikuwa anamenya viazi mezani. Kaka ametoka kazini, anafungua kamba za viatu. Nikaliweka koti katikati ya meza, juu ya maganda.

Kaka aliganda na kiatu kimoja mkononi.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Likishaliwa na nondo?"

"Dada, sikiliza. Nilikuwa na usaili Jumatatu baada ya mazishi. Nilikuwa na shati la kuazima na suruali yenye kiraka. Nilipotoka pale sikuweza kulirudisha hapa ulione, na sikuweza kulitupa, nikaliacha kwa dobi."

"Ukamvua baba."

"Hakumvua mtu," mama akasema. Hakuinua macho. "Mimi ndiye niliyempa. Baba yenu aliondoka na shati lake jeupe, safi, alilolipenda. Koti lilikuwa na usaili Jumatatu."

Kazi ya kaka ndiyo inayolipia nyumba tuliyokuwa tunagombana ndani yake.

"Karatasi umeipeleka wapi?" nikamgeukia kaka.

"Karatasi gani?"

Kaka hajui kudanganya. Nyusi ile yenye kovu humsaliti. Haikutikisika.

Nikageuza shingo polepole.

"Unadhani natoa nguo ya mume wangu bila kupekua mifuko?" mama akasema. "Mtema nilimfungua, kisha nikamwacha kwenye koti, akampe kaka yako bahati. Karatasi niliitia kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa ya kwake."

"Uliisoma?"

"Haikuwa na jina langu."

Akamenya kiazi kizima. Ganda lilishuka refu, halikukatika.

"Simu yangu siku ile ilikuwa chumbani kwenye chaji," akasema. "Mimi nipo uani nafua, redio nimeifungulia mpaka mwisho. Alinipigia mara tatu. Nilipokosekana ndipo akakupigia wewe."

Kisu kikasimama.

"Nilizifuta hizo simu zote, kwenye simu yake na yangu, kabla hamjafika hospitali."

Kaka alikiweka kiatu chini. Akachukua kisu mkononi mwa mama, akakaa, akaanza kumenya yeye. Anamenya vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Siku hiyo hakuna aliyemsema.

Asubuhi, saa nne kamili, Mfuko wa Ndani aliweka picha ya kichwa cha kiboko na neno moja: *Karudi.* Sentimita na bata wake walichekwa kiwanda kizima. Kaka alikwenda kazini na koti.

Nilichotoka nacho mimi ni hiki. Siku nzima niliogopa kaburi, kumbe jibu lilikuwa jikoni linamenya viazi, nalo linaogopa kama mimi. Kama kuna kitu kinakukaba koo, usikipeleke kwa marehemu peke yake. Waulize walio hai, uwape nao nafasi ya kukuambia chao.

Na simu ikiita, pokea. Mkato utasubiri.

Mama amepiga sasa hivi, nikiwa katikati ya sentensi hii. Anataka nipitie chumvi.