Waya wa Profesa

Mtaani walimwita Profesa, na yeye hakuwahi kumrekebisha mtu. Alikuwa fundi wa kompyuta katika chumba kilichopakana na kinyozi, mwenye bisibisi tatu mfukoni mwa shati na jibu kwa kila swali, hata ambalo hujaliuliza. Kompyuta ikizimika, alilaumu vumbi. Ikiwaka, alijipongeza. Kwa miaka kumi na minne hakuna kifaa kilichofia mikononi mwake. Vyote, kwa maelezo yake, vililetwa vikiwa maiti.

Alichokipenda kuliko vyote ni waya mmoja wa kuunganishia diski. Ulikatika mwaka aliooa, akauunga mwenyewe na kuuvisha utepe mweusi. "Huu utatuzika," alikuwa akisema, na mkewe, ambaye mlango wa kabati lake ulikuwa ukingoja kuungwa tangu mwaka huohuo, aliuegemeza tena kwa kigoda.

Jumanne moja asubuhi aliingia shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mshonaji wa sare. Alibeba diski ndogo iliyoviringishwa kwenye kipande cha kitambaa. Ilikuwa na michoro yake yote ya kukatia nguo, ya miaka kumi na moja: shule, zahanati, kwaya. Kompyuta yake ilikuwa imeungua, kwa hiyo michoro ile haikuwa mahali pengine popote.

"Nitolee nakala, shemeji. Hii ikipotea naanza kupima watu upya, na nusu yao wamenenepa."

"Nitakutolea nakala ghafi," alisema Profesa. "Diski nzima, chembe kwa chembe, hata pale pasipoandikwa kitu."

Akaweka tayari diski mpya ya kupokea nakala, kisha akachomeka waya wake kwenye ile ya shemeji. Kwenye asilimia kumi na tisa kompyuta ikaandika kwamba imeshindwa kusoma. Akapuliza diski, akaanza upya: ikakwama arobaini na moja. Akailaza kifudifudi: saba. Akaielekezea feni: sitini na mbili. Kila ilipokwama, sauti yake ilizidi kuwa ya daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu.

"Imeoza ndani. Itabidi niifungue."

"Ukishaifungua, inafungika?"

Profesa alitupa jicho upande wa kinyozi. Diski ya mwisho aliyoifungua, sahani yake ya ndani inayong'aa ilikuwa ikining'inia kwa kinyozi, ikitumika kama kioo. Akachagua bisibisi.

"Ngoja kwanza." Shemeji alikuwa ameziandika namba zile nyuma ya daftari lake la vipimo, kwa mazoea tu. "Kumi na tisa, arobaini na moja, saba, sitini na mbili. Kitambaa kikiwa na tundu, tundu halihami. Nikikipima mara nne nikapata vipimo vinne, sikilaumu kitambaa. Naangalia futi."

"Unataka kusema nini?"

"Nasema huo waya wako umefungwa bandeji, shemeji."

Profesa alicheka, peke yake. Alieleza kwa kirefu kuhusu uimara wa nyaya za zamani. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono ukutani na kutungua waya mpya uliotundikwa kwa ajili ya wateja.

"Jaribu huu. Ukikwama, fungua."

Asilimia saba ikapita. Kumi na tisa ikapita. Profesa alijikuta akiomba ikwame, na hilo, tumsitiri, hakumwambia mtu. Ilipofika sitini na mbili alikwenda kusimama mlangoni, akaitazama barabara kana kwamba kuna mtu anamngoja. Alasiri nakala ikakamilika bila kosa hata moja. Shemeji akafungua mchoro wa kola ya kwaya, akauona mzima, akashusha pumzi.

"Unaona," Profesa alisema, "ikishapozwa na feni, inatulia."

Shemeji aliiviringisha diski yake upya kwenye kitambaa. Alitoa mkasi wake wa kitambaa, ule ambao hata wanawe hawakuruhusiwa kukatia karatasi, akaukata waya wa zamani vipande viwili, taratibu, kama anayemaliza uzi.

"Mkasi nitaunoa," alisema, akaondoka na diski zake mbili.

Profesa aliviokota vile vipande. Kisha akavuta droo, akatafuta utepe mweusi.