Ufa wa Bakuli la Bibi Zuwena

Wafanyabiashara wapya wanaotua Guangzhou, China, kutoka Dar es Salaam na Unguja huelekezwa kwa Safia kabla hata hawajajua pa kununua laini ya simu. Ofisi yake iko katika jengo la Tianxiu, chumba kimoja kilichojaa maboksi ya sahani. Yeye mwenyewe huketi katikati ya maboksi hayo na kikombe cha chai ya maziwa, akitoa mafunzo asiyoyatoza chochote. Wageni humwita laoban, yaani bosi, kwa utani uliochanganyika na heshima.

Fundisho lake la kwanza ni kuhusu sampuli. Ukimpelekea mwenye kiwanda sahani akutengenezee za mfano wake, simama palepale akiipima na kuipiga picha, kisha uondoke nayo mkononi. Usiiache ikalala kwake hata kama ni rafiki. Ukiiacha, baada ya muda utaikuta imepangwa madukani kwa bei usiyoiweza, na ukiuliza utajibiwa meiyou, hakuna, hatujui unachosema.

Safia alifika China akiwa mjane mwenye mtoto mmoja, Kauthar, aliyemwacha kwa mama yake huko Malindi, Unguja. Alianza kwa kununua nguo za jumla katika soko la Shisanhang na kubeba marobota mwenyewe, mpaka alipogundua kuwa jicho lake lilikuwa kwenye vyombo. Jicho hilo lililelewa na bakuli moja.

Lilikuwa bakuli la kauri, jeupe lenye maua ya buluu, lililokuwa la bibi yake, Bibi Zuwena. Udongo wake ulitoka China. Rangi yake ya buluu, kama Safia alivyopenda kuwaeleza wateja, Wachina waliipata kwanza kwa Waajemi, wakaichoma juu ya udongo wao na kuwarudishia Waajemi vyombo wasivyowahi kuviona. Ukingoni palizungukwa na herufi za Kiarabu zilizochorwa na fundi wa Kichina asiyezijua, kwa hiyo nukta nyingine zilikuwa zimeanguka. Bakuli lilipita Surat, bandari ya India, likafika Maskati, na huko ndiko lilikopata ufa.

Mama yake Bibi Zuwena alikuwa katika uchungu wa kujifungua. Bakuli lilikuwa na maji, karibu na kitanda. Alilikumba kwa mkono likaanguka, likapasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Mtoto, ndiye Zuwena, alizaliwa mzima, mama akafariki jioni ileile. Baba hakukubali bakuli litupwe. Alimwita fundi wa Kihindi akaliunga kwa vipande vya shaba vilivyopindwa kama miguu ya mdudu, na Zuwena alipoolewa Unguja alikwenda nalo. Tangu hapo kila mama katika ukoo huo amemkabidhi binti yake bakuli lile siku ya harusi, naye binti huambiwa habari ya ufa akiwa amelishika mwenyewe.

Sasa Kauthar alikuwa amechumbiwa. Safia alitaka wageni wa harusi wapakuliwe chakula kwenye sahani mpya zenye maua yaleyale. Kazi hiyo alimpa Ahmada, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Safia mwenyewe alimleta Guangzhou, akamfundisha biashara na kumpa ufunguo wa ofisi. Ahmada alilichukua bakuli hadi Chaozhou kwenye viwanda vya kauri, akakaa nalo majuma kadhaa. Safia hakuwa na wasiwasi wowote. Fundisho lake la sampuli lilihusu watu baki. Sahani zilikuja nzuri, bakuli likarudi salama, naye akalifunga ndani ya blanketi dogo kungojea safari ya Unguja.

Kisha Careen, mteja wake wa Dar, akamtumia video akimwomba amtafutie bakuli la kale kama lililomo humo, maana kila mtu mjini alikuwa analitaka. Safia aliifungua akiwa kwenye foleni ya chakula mtaa wa Dengfeng. Aliona bakuli la maua ya buluu, na nukta zilikuwa zimeanguka mahali palepale. Ufa ulishuka kutoka ukingoni hadi katikati, na juu yake vipande vya shaba. Nyuma ya bakuli hilo, kwenye rafu, yalikuwapo mengine yenye ufa uleule. Sauti iliyokuwa ikisimulia ilikuwa ya Ahmada.

"Ufa huu, wapenzi wateja, ni mkono wa mama aliyekuwa akijifungua," ilisema sauti. Ikanyamaza kidogo. "Bakuli lilipona. Mama hakupona."

Safia alitoka kwenye foleni bila kununua chochote.

Alimkuta Ahmada ofisini akifunga maboksi. Hakukana. Alisema alitaka kumwambia, ila alijua jambo hili lingemuuma dada yake. Mwanzoni alinakili maua tu na mabakuli hayakununuliwa, maua kila mtu anayo. Alipoongeza ufa, shaba iliyobandikwa kwa gundi na maneno, yakaanza kutoka.

"Na wewe ndiye mwalimu wangu, dada," alisema. "Wachina walichukua rangi kwa Waajemi, Waajemi wakaiga vyombo vya Wachina, Mhindi akatia shaba yake. Wote hao walichukua kwa wenzao na ukawasifu mbele ya wateja. Mimi ndiye mwizi kwa sababu nimechelewa kuzaliwa?"

"Wale waliiga ua," Safia alijibu, "na kila mmoja akatia la kwake. Wewe umeiga ufa, Ahmada. Umechukua kifo cha mtu ukakigandisha kwa gundi."

"Ni bibi yangu pia."

"Ndiyo maana nilikuachia bakuli."

Safia akaomba ufunguo wake. Ahmada aliuweka juu ya boksi, akacheka kidogo kama anayesubiri kuambiwa ni mzaha, kisha akaondoka.

Safia alidhani jeraha limeishia hapo. Lakini Kauthar alipiga simu siku iliyofuata, na sauti yake ilikuwa ya kulaumu. Mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Mwatima, alikuwa amelikuta bakuli la Bibi Zuwena, ambalo Kauthar aliwahi kumwonyesha kwa picha, katika duka la vitu vya kale mjini. Aliuza bangili zake akalinunua ili alirudishe kwa ukoo.

"Kwa nini hukuniambia umeliuza, Mama?"

Safia alimweleza yote. Alingoja Kauthar amwambie, basi waambie, uje na la kweli. Badala yake binti yake alisema kwa sauti ya chini kwamba Bi Mwatima ameshaliweka kabatini na kuwaonyesha jamaa zake wote.

"Ukija na letu, itajulikana kuwa mjomba wangu amemtapeli. Nitaingia nyumba ile na jina hilo. Nakuomba, Mama."

"Basi hili nilifanye nini?"

"Liache huko."

Jioni Bi Mwatima mwenyewe alipiga simu ya video, uso wake umejaa furaha, Kauthar amesimama nyuma yake. Alisema hawatauliza kwa nini bakuli liliuzwa, dhiki humpata yeyote, na sasa limerudi kwa mwenyewe. Akalisogeza karibu na kamera. Safia aliiona gundi iliyovimba pembeni mwa shaba. Akamtazama Kauthar, na Kauthar akainamisha macho.

"Ahsante, mkwe mwenzangu," Safia alisema. "Mmetutendea wema mkubwa."

Bi Mwatima akasema ana ombi moja. Habari ya ufa aliisikia dukani tu, kwa mtu wa biashara. Alitaka kuisikia kwa mwenyewe, na Kauthar alishike bakuli wakati inasimuliwa, kama ilivyo desturi yao.

Kauthar alilipokea kwa mikono miwili.

Safia akaanza kusimulia. Alianzia Maskati, akasema juu ya maji na kitanda. Alipofika kwenye mkono wa mama alinyamaza kidogo, na kimya chake kikaangukia mahali palepale alipokuwa amenyamaza Ahmada. Bi Mwatima alikuwa tayari anajifuta machozi. Safia akaendelea hadi mwisho.